Tiki moja inavyogombanisha wapenzi wa kijijini

Wapo wanaosema mitandao imevunja ndoa vijijini, na wapo wanaosema ndiyo inayozishikilia mmoja anapokwenda mjini kutafuta kazi. Wote wana hoja. Ila wanaolaumu hukazania wapenzi wapya wa Facebook, wakati ugomvi mwingi huanzia kwenye tiki za WhatsApp.

Tiki moja ya kijivu ni kwamba ujumbe umetumwa ila haujafika. Mbili za kijivu, umefika. Zikiwa bluu, umefunguliwa. Kijijini tiki moja inaweza kukaa kutwa nzima kwa sababu chaji imeisha, bando limekata, au mtandao unashika kilimani tu. Shida ni kwamba aliyeblokiwa naye huona tiki moja ileile, basi mwenye wivu huchagua maana mbaya. Bluu nayo hudanganya: simu ikiwa ya nyumba nzima, mtoto anafungua meseji na mama hana habari, huku baba anasubiri jibu. Unaweza kuzima taarifa za kusomwa, lakini nawe hutaziona za mwenzio. Heri mpatane saa ya kuwasiliana, simu zikishachajiwa, na la haraka lipigiwe simu ya kawaida, isiyohitaji bando la intaneti.

Faida kubwa, ambayo sioni ikipewa uzito wake, ni ujumbe wa sauti. Zamani asiyejua kusoma alimpa mtu mwingine amsomee barua ya mumewe, na siri ya ndoa ikapitia kwa jirani. Leo anabonyeza maikrofoni, anaongea, anaachia. Wakati wa kusikiliza aisogeze simu sikioni. Sauti huhamia kwenye spika ndogo ya juu badala ya kusikika ua mzima. Huko ni kumrudishia mtu heshima yake.

Kwenye picha za faragha, nakubaliana na wenye hofu. Hata ile ya kutazamwa mara moja, inayozuia skrinshoti, hupigwa picha kwa simu nyingine, na kijijini kila anayeiona anakujua wewe na wazazi wako. Usitume. Na aliyeishika simu yako dakika moja, ikiwa haina namba ya siri, anaweza kuiunganisha akaunti na kifaa chake akawa anasoma kila kitu. Ndani ya WhatsApp, gusa vidoti vitatu vya juu (kwenye iPhone, fungua mipangilio), ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa. Usichokitambua, kiondoe hapohapo.