Arduino au LOGO! kwa pampu ya maji: anayeanza asitazame bei peke yake

Muulize kijana yeyote aliyejifunza elektroniki Dar es Salaam au Nairobi atatumia nini kuendesha pampu ya kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi simtanki la juu. Jibu litakuja haraka: Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, na moduli ya rilei pembeni, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Ukimtajia kontrola ndogo, kifaa kilichotengenezwa tayari kwa kuwasha na kuzima mashine, kama LOGO! ya Siemens au Zelio ya Schneider, atakuambia hizo ni za viwandani, ni ghali, na ni ngumu kwa mtu anayeanza. La bei ni kweli. La ugumu limegeuzwa kichwa chini miguu juu, na limewafanya wengi waingie njia ndefu bila kujua kwamba fupi ipo.

Arduino ina haki yake, tena kubwa. Ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa na msingi wa elektroniki, na kazi hiyo imeifanya vizuri kuliko walioitengeneza walivyotarajia. Bodi ya Uno ina pini 14 za kidijitali na 6 za analogi, inapatikana Kariakoo na Luthuli Avenue, na masomo yake yamejaa intaneti. Anayetaka kujua umeme mdogo unavyozungumza na programu, aanzie hapo. Mkulima anayetaka kupima unyevu wa udongo sehemu kadhaa na kupata ujumbe kwenye simu naye atafika kwa gharama ndogo zaidi akiwa na bodi hii, kwa sababu upande wa pili kila kiungo cha nyongeza kinauzwa peke yake na hakiuzwi rahisi.

Ila kazi ya pampu ni nyingine. Yote inaingia katika maneno machache: maji ya juu yakishuka, washa, yakijaa, zima, tangi la chini likikauka, usiwashe kabisa, umeme ukikatika na kurudi, subiri kidogo kwanza. Basi. Anayeanza anahitaji kifaa kitakachomwezesha kuyasema hayo bila kukosea, na bila kulazimika kujifunza lugha nzima ya programu kwanza.

Kwenye LOGO!, iliyopo sokoni tangu 1996, unayasema kwa kuchora. Modeli ya kawaida ina ingizo 8 za kupokea ishara na rilei 4 za kutoa. Unaweka kipande kimoja cha kumbukumbu, kile cha kuwasha na kuzima: boya la chini la simtanki, yaani swichi inayoelea, linakiwasha, boya la juu linakizima. Mbele yake unaweka kipande cha "na", ili pampu isipate ruhusa mpaka boya la tangi la chini liseme maji yapo. Unamalizia na kipande cha kuchelewesha, sekunde kumi hivi. Umemaliza. Modeli yenye kioo unaweza kuipangia hayo yote kwa vitufe vyake ukiwa umesimama mbele ya boksi, bila kompyuta.

Kwenye Arduino, kosa la kwanza linajulikana. Mwanafunzi anataka pampu ipumzike dakika kumi, anaandika amri ya "delay". Kwa dakika hizo kumi programu yake haisomi boya lolote, imesimama pale pale. Akiiweka amri hiyo wakati pampu inafanya kazi, tangi la chini linaweza kukauka na bodi isijue. Njia ya kulikwepa ipo, kila mzoefu anaijua, lakini tunamzungumzia asiye mzoefu. Kontrola ya aina ya PLC, yaani kontrola ya viwandani inayopangwa, kama LOGO!, inasoma ingizo zote, inakokotoa, inatoa majibu, inarudia tena, mara nyingi kwa sekunde, iwe mchoraji amelifikiria hilo au hakulifikiria. Na pampu ikizunguka kavu, sili yake inakosa maji ya kuipoza na inaungua. Bei ya bodi uliyookoa inaishia hapo.

Halafu kuna ile namba 10A, yaani ampea 10, iliyoandikwa juu ya rilei ya buluu ya moduli ya Arduino. Naomba tukae nayo kidogo, maana imewaponza wengi. Pampu ya nguvu farasi moja, kwa umeme wetu wa volti 230 au 240, inavuta ampea kama tano au sita ikiwa kwenye mwendo. Mtu anaona tano, anaona kumi, anaunga moja kwa moja. Lakini mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa muda mfupi, yaani ampea ishirini na tano hadi arobaini hivi, na ile kumi ni ya mzigo usio na koili, kama hita. Ncha za rilei zinachomeka, zinagandana, na siku moja programu inaamuru zima, taa ya moduli inazima, pampu inaendelea. Maji yanamwagika juu ya paa na kila kitu kwenye bodi kinaonyesha kiko sawa.

Haki itendeke: LOGO! nayo haipaswi kuungwa moja kwa moja na mota. Rilei zake ni za ampea 10 kwa mzigo wa kawaida, lakini kwa mzigo wa koili mtengenezaji mwenyewe anasema 3. Kote kuwili unahitaji kontakta, swichi kubwa ya sumaku inayobeba umeme wa mota, na ovalodi, inayoizima mota ikivuta umeme kupita kiasi. Tofauti ni kwamba kontrola hii imetengenezwa ikijua itakaa boksi moja na kontakta: inakaa kwenye reli ile ile ya chuma inayoshika kontakta, inaungwa kwa bisibisi, na kishindo cha umeme kinachotoka kwenye koili ya kontakta inapoachia hakiiyumbishi kirahisi. Bodi tupu ya volti 5, yenye waya wa mita ishirini unaopanda hadi paani, inahitaji mtu anayejua kuikinga.

Lakini linaloniuma zaidi ni yule fundi wa pili. Aliyefunga mfumo kwenye shule au zahanati anahama, anapata kazi mji mwingine. Miaka miwili baadaye pampu haiwaki. Fundi umeme anayeitwa anafungua boksi na kukuta bodi yenye nyaya nyembamba, na ndani yake programu ambayo hawezi kuivuta ikarudi kuwa maandishi ya kusomeka. Kama aliyeiandika hakuiacha, haipo. Kwenye LOGO!, mradi haikufungwa kwa nywila, mchoro unarudi kwenye kompyuta kama ulivyowekwa, na kioo kinaonyesha ingizo gani limewaka. Fundi aliyezoea michoro ya kontakta anaelewa. Jamii inayotegemea maji hayo inapata maji jioni ile ile.

Kwa nyumba yenye simtanki moja, boya na kontakta vinatosha; usinunue kontrola yoyote. Arduino wenyewe walileta kontrola yao ya Opta mwaka 2022, yenye rilei 4 na lugha za PLC, na nadhani hiyo inasema mengi kuhusu bodi ya kawaida.

Ukichagua LOGO!, chukua ya volti 12/24, siyo ya 230, kwa sababu waya wa boya unaingia kwenye maji ambayo watu wanayagusa na kuyanywa. Bado hujashawishika? Programu yake ya kuchorea, LOGO!Soft Comfort, ina toleo la majaribio la bure linaloigiza kila ingizo kwenye kompyuta. Chora pampu yako, kausha tangi la chini kwa kubofya, katiza boya, uone kinachotokea kabla hujatoa shilingi.