Mafunzo ya redio yasiishie kwenye mitambo
Makala niliyoisoma inasifu mafunzo yanayowapa vijana ujuzi wa kurekodi na kuhariri vipindi vya redio ya jamii, na sifa hizo ni za haki, ila naona mkazo umewekwa mno kwenye mitambo. Kwa mfano, kipindi kuhusu kisima kilichoharibika hakileti mabadiliko kwa usafi wa sauti peke yake. Huyaleta pale kijana anapomhoji anayechota maji, kisha akampelekea kiongozi husika malalamiko ya mchotaji huyo na kurusha jibu la kiongozi, hata kama ni kukataa kuzungumza. Uhariri nao, tena huu hasa, unadai uadilifu: ukiondoa “labda” katika kauli ya mtu, umemfanya aahidi asichoahidi. Makala haikueleza iwapo wanafunzi hao huwarudia wahojiwa baada ya kipindi kurushwa, ningependa kujua.