Kuhama Dar kwenda kulima Njombe: hesabu haiishii kwenye bei ya ekari

Ukikaa na watu wa maofisini Dar es Salaam siku hizi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye ekari. Mmoja ana shamba Makete, mwingine anatafuta Rungwe, wa tatu kasikia Wanging'ombe ardhi bado ina nafuu. Wengi wao wanazungumzia uwekezaji. Lakini wapo wanaomaanisha kitu kingine kabisa: kuacha kazi, kufungasha, kujenga nyumba ya kawaida, kufuga ng'ombe wawili wa maziwa na kula wanachovuna. Nawaandikia hao, maana uamuzi wao ni mzito na wanaoushabikia huwaonyesha upande mmoja tu.

Kuhamia shamba si jambo geni nchini. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya watu, na Nguvukazi ya 1983 iliwarudisha vijijini wasiokuwa na kazi mijini, tena kwa kuwakamata. Anayehama leo anahama kwa hiari yake na ana akiba mfukoni. Kinachosahaulika ni kwamba anakokwenda kuna wenyewe tayari.

Wanaosema "nenda" wana hoja. Mvua za nyanda za juu kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na hazisumbui kama za Dodoma au Singida. Iringa na Njombe kuna vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazotumia unyevu wa kiangazi. Septemba, shamba la mlimani likiwa limekauka, bondeni kuna kabichi, maharage na mahindi mabichi yanakuja. (Anayelima kinyungu apime tu kwanza: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.) Kaya yenye nyumba yake, kinyungu, kuku na maziwa inaweza kupitisha mwezi ikinunua chumvi, sukari, sabuni na mafuta, basi. Na anayehofia kuwa mbali na matibabu akumbuke kwamba Hospitali ya Ikonda, huko huko Makete, hufuatwa na wagonjwa kutoka mikoa mingine.

Ugumu uko kwenye fedha, na hasa kwenye muda wake. Mshahara huingia kila mwezi. Mahindi ya Njombe huingia mara moja kwa mwaka. Unapanda mwishoni mwa Novemba, unavuna Juni au Julai, na siku hiyo hiyo jirani zako wote wanavuna, bei iko chini. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kwenda nje ya nchi, wakulima wa huku walibaki na maghala yaliyojaa na bei iliyoporomoka. Parachichi, ambazo ndizo zinazowavuta wengi, ukizipanda kwa nafasi ya mita saba kwa saba ekari inabeba miche kama 80, na mche uliounganishwa, yaani uliobebeshwa kikonyo cha mti mwingine wa parachichi, huanza kukupa matunda ya maana kuanzia mwaka wa tatu. Hadi hapo kuna palizi, mbolea, maji ya kiangazi na mbuzi wa jirani.

Viazi vinakomaa ndani ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo wengi huanzia hapo. Nenda basi kasimame barabarani wakati wa kupakia. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kofia ya neti juu, viazi vinaongezwa na kushindiliwa mpaka mshono unakaribia kuachia. Hiyo ndiyo lumbesa. Serikali imekataza gunia kuzidi kilo 100, lakini mkulima aliyekwisha kung'oa viazi, mvua ikinyesha na fuso likiwa limewasha injini, hana nguvu ya kubishana na dalali. Bei aliyoisikia kwa gunia ni ya kweli. Gunia lenyewe ndilo limeongezeka.

Haya ya fedha yanatatulika. Mwenye kipato kisichotegemea udongo kwa miaka mitatu ya mwanzo, iwe pensheni, kodi ya nyumba au kazi anayoweza kuifanya kwa kompyuta, atavuka. Asiye nacho asiuze kiwanja chake cha mjini kwanza.

La ardhi linanisumbua zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na halmashauri hiyo haina ruhusa ya kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inaitenga ardhi hiyo katika mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, inayokaliwa na kutumiwa na kaya au watu binafsi, na ya akiba kwa ajili ya baadaye. Wanunuzi wengi kutoka mjini hawafiki kwenye mkutano wowote. Wanaishia kwenye karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, halafu wanashangaa miaka michache baadaye mtoto wa muuzaji anapodai kwamba shamba lilikuwa la ukoo.

Mtoto huyo anastahili kusikilizwa. Ana miaka 22, amemaliza kidato cha nne, anataka ekari mbili za viazi. Bei anayoikuta kijijini kwake imepangwa na mtu wa Dar mwenye akiba ya miaka 15 kazini, kwa hiyo hawezi kuifikia. Anaishia kuwa kibarua kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yake, au anapanda basi kwenda kutafuta maisha kule tulikotoka sisi.

Upande wa pili nao hauna uongo. Aliyeuza aliuza kwa sababu, mara nyingi ada au matibabu, na kumzuia asiuze ni kumwacha na ardhi isiyomsaidia siku ya shida. Mgeni anayeishi kijijini ananunua maziwa kwa jirani, anachangia ujenzi wa darasa, anakuja na mbegu bora ambazo wenzake wanaziona kwa macho kabla ya kuzijaribu. Nimeona kijiji kikifaidika hivyo. Sijaona kikifaidika na mkulima wa simu, yule anayezungusha uzio ekari 20, anaweka mlinzi na kuja Desemba kupiga picha.

Kwa hiyo sipingi watu kuhama. Ninachopinga ni kununua kabla ya kuishi. Mashamba ya kukodi kwa msimu yapo vijiji vingi vya Njombe na Mbeya. Mtu akodi ekari moja, akae nayo kuanzia kuandaa shamba hadi kuuza, ahudhurie mikutano ya kijiji akiwa msikilizaji, kisha ndipo aombe. Halmashauri za vijiji nazo zisipokee ombi lolote la mgeni kabla hazijapima fungu la akiba na kuorodhesha vijana wa pale wanaolisubiri. Sheria imeshawapa uwezo huo, na maombi yanaongezeka kila msimu.