Historia ya NORFORCE ianzie kwa Wayolngu

NORFORCE ni kikosi cha askari wa akiba wa miguu kaskazini mwa Australia. Kiliundwa Julai 1981, makao makuu yakiwa Darwin, na eneo lake la doria ni takriban kilomita za mraba milioni 1.8, kuanzia Arnhem Land hadi Kimberley. Askari wake wengi ni Waaborijini wanaoilinda ardhi waliyozaliwa.

Jeshi hukihesabu kuwa mrithi wa 2/1st North Australia Observer Unit, kikosi kilichoanzishwa 1942 na mwanaanthropolojia Bill Stanner, Wajapani walipokwisha kuipiga Darwin mabomu tarehe 19 Februari. Wanaume wale walizunguka porini kwa farasi wakichunga pwani isivamiwe. Urithi huo sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba wapo wengine wanaostahili kutajwa kwanza.

Mwanaanthropolojia mwingine, Donald Thomson, aliwakusanya wanaume wapatao 50 wa Kiyolngu, Waaborijini wa Arnhem Land. Mzee Wonggu, mkuu wa ukoo mmoja wa Kiyolngu, alimpa wanawe. Ukoo huo ulikuwa na historia chungu na serikali: miaka michache nyuma, wana watatu wa Wonggu walifungwa kwa kuwaua wavuvi wa Kijapani waliokuja kuvua majongoo ya bahari Caledon Bay. Sasa serikali ile ile ilitaka Wajapani wakitua ufukweni wapigwe, kwa mikuki. Wakakubali. Walipiga doria, wakawa macho na masikio ya pwani ambayo jeshi halikuijua.

Malipo yao? Tumbaku, ndoana na mishipi ya kuvulia. Mshahara wa askari hawakupewa, ingawa kazi ilikuwa ya askari na hatari ilikuwa ile ile. Medali na malimbikizo ya mishahara vilitolewa 1992, miaka 50 baadaye, na wengi wao walikuwa wameshafariki. Ndugu zao ndio waliopokea. Hilo linaniuma kila nikilifikiria, kwa sababu NORFORCE ya leo inategemea ujuzi ule ule: kusoma nyayo, kujua maji yako wapi wakati wa kiangazi, kuishi porini bila kubebewa chakula.

Kuruta anayejiunga na NORFORCE leo, awe Mwaborijini au Mzungu, asomewe habari ya ndoana na tumbaku zile kabla hajavalishwa sare.