Mitungi ya Athens na kalamu mbili

Athens ya karne ya 4 kabla ya Kristo ilikuwa na kazi maalumu kwa wazee wake. Raia aliyeingia mwaka wa 60 wa umri wake aligawiwa kesi za madai azisuluhishe. Kwanza alijaribu kuwapatanisha wagomvi. Ikishindikana, alitoa uamuzi. Asiyeridhika akikata rufaa, ushahidi wa kila upande ulitiwa kwenye mtungi wake, mtungi ukapigwa muhuri, na uamuzi wa mzee ukaambatanishwa. Mahakamani hakuna aliyeruhusiwa kuleta ushahidi ambao haukuwamo mtunguni.

Waliopatana wakaenda zao hawakuacha mtungi.

Hapo ndipo ugumu wa kuandika historia ya usuluhishi na upatanishi ulipo. Ugomvi ulioshindikana huacha karatasi, uliokwisha vizuri huacha kimya. (Hata lugha yetu ina utata wake: suluhu ni amani, ila msuluhishi siku hizi mara nyingi hutoa uamuzi unaofunga, na kazi ya kuwasaidia watu waelewane tumemwachia mpatanishi.) Je, kazi ya kuandika historia hiyo aifanye mwanahistoria peke yake, au ashirikiane na mwanasheria aliyewahi kukalia kiti cha msuluhishi?

Wanaotetea kalamu mbili wana hoja nzito. Chukua hati za dhamana za Uingereza ya enzi za kati. Upande wa mbele mtu anakiri kwamba anadaiwa kiasi fulani cha pauni. Ukigeuza karatasi, mara nyingi unakuta sharti: deni hilo linafutika akitii uamuzi wa wasuluhishi waliotajwa. Msomaji asiyeijua kazi hiyo anaweza kumhesabu mtu huyo miongoni mwa wadaiwa, wakati mwanasheria anatambua mara moja kwamba hayo ndiyo meno ya usuluhishi. Katika kesi ya Vynior ya mwaka 1609, majaji wa Uingereza walikubali kwamba mtu anaweza kumvua msuluhishi mamlaka kabla hajaamua. Ila dhamana ilibidi ailipe.

Lakini mwanasheria huyo huyo huingia kwenye nyaraka na vipimo vya leo mfukoni. Anataka msuluhishi awe huku na mpatanishi kule, ilhali hati za zamani huwataja watu wale wale kuwa wasuluhishi na wapatanishi wa kirafiki kwa pumzi moja. Tena ana masilahi: historia inayoonyesha kuwa kazi yake ni kongwe na inafaa kila zama inamletea wateja. Simlaumu, ila simwachii kalamu peke yake.

Na ushirikiano wenyewe una gharama. Wawili wakivutana juu ya neno, njia rahisi ni kulilainisha, na kitabu kinajaa "kwa kiasi fulani" hadi hakisemi kitu. Mwandishi mmoja angalau anaweza kukosea waziwazi.

Mimi naegemea kalamu mbili, kwa sharti kwamba mvutano usifutwe. Mwaka 1698 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria, mwanafalsafa John Locke akiwa na mkono katika kuiandaa, iliyoruhusu makubaliano ya kwenda kwa msuluhishi yafanywe amri ya mahakama. Aliyekaidi aliadhibiwa kwa kudharau mahakama. Mwanasheria atataka sheria hiyo ifungue sura mpya, na kwa upande wa utekelezaji ana haki. Mwanahistoria atamuuliza: baada ya hapo usuluhishi uliongezeka, au ni karatasi zake tu zilizoanza kuhifadhiwa mahakamani? Ningependa kulisoma swali hilo ndani ya sura yenyewe, na jibu la kila mmoja chini ya jina lake, hata kama sura ya upatanishi inayofuata itakuwa nyembamba kuliko zote.