Kikaragosi hakiendeshwi kwa simu ya video

Nikisoma habari za mradi mpya wa vikaragosi, yaani wanasesere wanaochezeshwa jukwaani, unaounganisha wasanii wa mabara mawili, jicho langu hukimbilia fungu la fedha za safari. Likiwa dogo, au halipo kabisa, najua hoja itakayofuata: siku hizi tunakutana mtandaoni. Hapo ndipo ninapobisha.

Kikaragosi huishi kwa pumzi ya wanaokiendesha. Katika bunraku, mchezo wa jadi wa vikaragosi wa Japani, watu watatu hushika mwili mmoja. Mkuu ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili ana mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Hakuna anayehesabu moja, mbili, tatu. Mkuu akiinua bega la kikaragosi kidogo tu, wenzake wameshajua kinakoelekea. Yule wa miguuni ameinama, haoni vizuri uso wa kikaragosi, ila amebanana na mkuu kiasi cha kuusikia mwili wake ukianza kugeuka.

Sasa chukua mwili huo uugawe: kichwa kiendeshwe bara moja, mkono bara jingine. Mwanga unaobeba intaneti ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mkitengana kilomita 10,000, ishara yako inatumia milisekunde (elfu moja hufanya sekunde moja) 50 kufika, na jibu 50 nyingine kurudi, kabla kamera, kompyuta na mitambo ya njiani havijaongeza ucheleweshaji wake. Hakuna kifurushi cha intaneti kinachoweza kuzifuta. Na kikaragosi kinapochukua kikombe, macho hutangulia kidogo ndipo mkono ufuate. Kwa mbali, mkono unaweza kufika kikombeni macho yakiwa bado yanatazama pembeni. Mtazamaji hajui habari za milisekunde, lakini anaona kabisa kwamba kile ni kipande cha mti.

Hata wenye fedha na mitambo hawakujaribu kuligawa jukwaa. Kundi la maigizo la Royal Shakespeare Company la Uingereza lilipoonyesha mchezo wa Dream mwaka 2021, waigizaji waliovaa mavazi ya kunasa mwendo, yanayoigeuza miendo ya mwili kuwa data ya kompyuta, walikuwa pamoja mjini Portsmouth. Programu ya michezo ya video ikageuza miendo yao kuwa viumbe vya msituni, na watazamaji wakafuatilia wakiwa majumbani. Umbali uliwekwa kati ya jukwaa na hadhira, si kati ya mwigizaji na mwenzake. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa maana kuliko picha zote zilizovuta macho.

Ushirikiano ninaoupenda zaidi haukutegemea simu ya video. Mwaka 2004, Handspring Puppet Company ya Cape Town na kundi la Sogolon la Mali, linaloongozwa na Yaya Coulibaly, mtoto wa ukoo wa wachezesha vikaragosi, walitoa mchezo wa Tall Horse: kisa cha twiga ambaye mtawala wa Misri alimpelekea mfalme wa Ufaransa, akatembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827. Mafundi wa mila mbili tofauti walilazimika kukaa chumba kimoja na kuelewana juu ya namna kikaragosi kinavyopewa uhai. Mabishano ya namna hiyo hayaishi kwa kikao cha saa moja cha video, tena chenye mtu anayekatikakatika.

Sisemi mtandao hauna kazi. Utume faili za viungo vya kikaragosi ili fundi wa upande wa pili avichapishe kwa printa ya 3D. Utume video ya kifundo cha mkono kikigeuka polepole, itazamwe mara kumi. Au andikeni mchezo ambao ucheleweshaji wenyewe ni sehemu ya kisa: wahusika wawili wanaojibizana kama watu wanaoandikiana barua. Hapo mtandao unabeba mzigo unaouweza.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linaniudhi. Mwendo wa mkono wa fundi mzee ukishanaswa unakuwa faili, na faili hukaa kwenye seva ya mwenye mitambo. Lisiachwe kwa moyo mwema wa washirika. Mkataba useme faili linahifadhiwa na nani, nani ana ruhusa ya kulitumia tena kwenye tangazo au mchezo wa video, na mwenye mkono analipwa nini kila likitumika.