Theluji ya Julai pale Logan Pass: ichimbwe au iachiwe jua?

Kila mwaka ikifika mwishoni mwa Mei, malalamiko huko Montana, Marekani, huwa yale yale: bondeni joto limeshaingia, wageni wamefika, lakini sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun bado imefungwa. Barabara hiyo ya kilomita 80 hivi inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Glacier na kupanda hadi Logan Pass, mita 2,026 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1987 ilifunguliwa yote Mei 16. Mwaka 2011, na tena 2022, ilifunguliwa Julai 13. Kwa kuwa sehemu ya juu hufungwa tena katikati ya Oktoba, wenye hoteli na maduka ya pande zote mbili, wakiwemo wale wa ardhi ya Wablackfeet, wenyeji wa asili walioko mashariki, wanaona kila wiki ya kuchelewa ni pato lililokwenda na maji. Wao wanataka mashine ziongezwe. Wengine wanasema theluji iachwe iyeyuke yenyewe, bila kuhatarisha maisha ya watu wala kuchoma mafuta.

Hoja ya kuliachia jua inavutia mpaka uipigie hesabu. Theluji iliyojishindilia tangu Novemba ina uzito wa takribani kilo 500 kwa mita ya ujazo. Tuseme wastani wa joto mlimani ni nyuzi 8 za Selsiasi, na kila nyuzi juu ya sifuri inayeyusha kiasi cha maji chenye kina cha milimita 5 kwa siku. Hiyo ni milimita 40 kwa siku. Theluji ya kina cha mita 1 ina milimita 500 za maji, kwa hiyo itakwisha kwa siku 12 au 13. Ya mita 10 inahitaji siku 125. Ukianza kuhesabu Juni mosi unatokea mwanzoni mwa Oktoba, siku chache kabla ya barabara kufungwa tena.

Na pale mashariki mwa Logan Pass kuna rundo linaloitwa Big Drift, ambalo linaweza kufika kina cha mita 24. Pepo za magharibi husomba theluji, huivusha mgongo wa milima, kisha nguvu zikipungua upande wa pili huibwaga juu ya barabara. Penye kina hicho, kwa njia ya upana wa mita 6, kila mita moja ya barabara imelaliwa na tani 72. Hapo jua peke yake halifui dafu.

Wapo wanaopendekeza kumwaga majivu au mchanga mweusi. Fizikia yake ni sahihi: theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, na ikipakwa weusi hunywa joto nyingi zaidi. Lakini unga huo lazima uwe mwembamba sana. Ukifika sentimita kadhaa unageuka blanketi na kuihifadhi theluji badala ya kuiyeyusha. Tena kila kinachomwagwa huishia kwenye vijito vya hifadhi. Kwa chumvi hali ni mbaya zaidi, na sioni sababu ya kuitetea mahali kama hapo.

Basi mashine ni lazima. Ila wanaodai ziongezwe tu wanadhani kikwazo ni wingi wa theluji iliyo barabarani, wakati hatari kubwa ni ile iliyo juu yake. Upande wa magharibi, chini ya genge la Garden Wall, barabara inapita katikati ya mikondo ya maporomoko ya theluji. Mwaka 1953 poromoko moja liliua wafanyakazi wawili waliokuwa wakisafisha njia. Utaratibu wa maporomoko ya majira hayo unajulikana: mchana maji ya kuyeyuka huzama ndani na kulegeza mshikamano wa chembe, na usiku baridi huzigandisha upya. Zikipita usiku mbili tatu mfululizo bila kuganda, au mvua ikinyesha juu ya theluji, mteremko mzima unaweza kuachia. Ndiyo maana kazi ya maana hufanywa asubuhi, na siku nyingine wataalamu wa maporomoko huamuru watu wote washuke. Kuongeza katapila siku kama hiyo ni kuongeza idadi ya watu walio chini ya mteremko.

Mashine zenyewe zina mipaka. Ile ya kupuliza theluji hufanya kazi nzuri kwenye theluji safi, lakini poromoko huja na magogo na mawe, na jiwe moja likiingia kwenye visu vyake pini za usalama, zilizowekwa zikatike ili kuilinda mashine, hukatika. Hapo linatakiwa ekskaveta, yaani katapila lenye mkono wa kuchimbia, likichota polepole na kumwaga bondeni. Dereva haoni lami wala ukingo, hivyo njia hupimwa kwanza, na mkato wa kwanza hupita upande wa mlima, mbali na ukingo unaoshukia bondeni. Penye kijito, maji huwa yamekula theluji kwa chini na kuacha daraja lenye uwazi ambalo linaweza kuporomoka na mashine.

Kuna kosa lingine ambalo presha ya kufungua mapema hulizaa: kudhani lami ikionekana basi kazi imekwisha. Makalavati yakiwa bado yameziba kwa barafu, maji ya mchana hupita juu ya lami, huchimba ukingo, na usiku hugeuka utelezi wa barafu. Kuta za theluji zilizokatwa wima huegemea barabarani na kuvunjika mapande. Tena kuna mamia ya vizuizi vya magogo vinavyoondolewa kila vuli ili maporomoko yasivizoe, na vyote hurudishwa kimoja kimoja kabla ya magari kupita.

Kwa hiyo naona pande zote mbili zinagombania kalenda isivyostahili. Big Drift ichimbwe bila kusita, maana kuisubiri ni kupoteza msimu. Miteremko ya Garden Wall isubiriwe, hata kama maegesho yote bondeni yamejaa wageni. Tarehe isitangazwe mapema. Barabara ya Tioga kule Yosemite, hifadhi nyingine ya milimani huko California, inayofika mita 3,031, mwaka 2023 ilifunguliwa Julai 22, na hakuna tangazo la Mei ambalo lingebadilisha hilo. Kinachoweza kupunguza hasara ya wafanyabiashara ni kufungua vipande vya chini kila kimoja kikiwa tayari, kuruhusu baiskeli hadi pale wafanyakazi walipofikia, na kutangaza kila asubuhi joto la usiku uliopita huko juu, ili mwenye hoteli naye ajue kwa nini leo mashine zimesimama.